Betri Hainywi Maji ya Bomba

Asubuhi hiyo gari liligoma. Mshonaji aliwasha, likalia ka-ka-ka, kisha kimya.

"Loo! Na kesho Baba anapasuliwa jicho!" Nafasi hiyo hospitalini babamkwe wake aliingoja mwaka mzima, na mumewe alikuwa safarini.

"Si betri hiyo," alisema mzee. "Naijaza maji mwenyewe. Naijua kwa mlio."

"Kwa mlio, Baba?"

Mshonaji akampigia simu wifi yake, fundi umeme wa magari. Alifika na glavu, miwani ya kazi na maneno yake.

"Wifi, umeniulia gari la kaka yangu!"

"Nawe huachi uchokozi! Njoo uone."

Fundi alihakikisha gari limezimwa. "Msiwashe kiberiti hapa. Betri hutoa hewa inayolipuka, na maji yake yana asidi inayounguza ngozi na macho." Akampa wifi yake miwani ya pili, akafungua vifuniko.

Mshonaji hakuwahi kuona ndani ya betri. Akainama. "Mbona chumba hiki kina maji, na hiki mabamba yake yamekauka?"

"Hapo ndipo penye kazi. Baba, uliweka maji gani?"

"Ya bomba. Safi, nayanywa."

"Ndani ya birika lenu mna nini?"

"Magamba meupe," alijibu mshonaji.

"Basi! Uchafu huo wa maji ya bomba hubaki na kuharibu mabamba. Betri inataka maji yake ya dukani, yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Na asidi msiongeze."

Akatia kidogo maji aliyokuja nayo kwa faneli, mabamba yakafunikwa.

"Mbona hujazi?" aliuliza mshonaji.

"Betri ikichajiwa, maji hupanda. Tukimaliza kuchaji, tutayafikisha kwenye alama ya juu, basi."

Mzee alishusha pumzi. "Wanangu, ile alama siioni. Nilihofu mtaninyang'anya kazi yangu."

Mshonaji alimwonea huruma. "Pole, Baba. Ungesema tu."

Betri ilichajiwa kutwa. Alfajiri gari liliwaka, wakawahi hospitali.

Tangu hapo mshonaji hukagua betri kila mwezi. Siku moja, jicho likiwa limepona, mzee alivaa miwani ya kazi akainama karibu naye.

"Mkwe wangu, chumba cha tatu kimeshuka chini ya alama."

Mshonaji akatazama. Kweli, kimeshuka kidogo tu.

Akavua glavu, akampa mzee pamoja na faneli.