Baba Alifunga Duka, Nikaanza Kukua

Nina miaka arobaini na tatu, ni mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ushonaji hapa Bariadi mjini. Nashona zaidi sare za shule. Urefu wangu ni wa kawaida tu, ukinikuta barabarani hutageuka kunitazama mara ya pili. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu... Nikishaanza kusimulia habari zangu, mtu hunipima kwanza kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha huuliza kama ni kweli niliwahi kudumaa. Na wewe unayesoma, pengine utauliza hilo hilo!

Nilizaliwa Kasoli, kwenye pamba na ng'ombe. Siku hizi tunaitwa mkoa wa Simiyu, enzi zile tulikuwa bado Shinyanga. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na nyuma yangu alikuja mdogo wangu Milembe. Mpaka darasa la tatu hakuna aliyeona kitu. Baada ya hapo wenzangu waliendelea kurefuka, mimi nikabaki pale pale. Milembe akanifikia. Kisha akanipita! Wageni wakija nyumbani walimsalimia yeye kama dada mkubwa, mimi wakanishika kichwa na kuniuliza kama nimeshaanza shule.

Sare niliyoshonewa darasa la tatu niliivaa mpaka nikamaliza la saba. Ilichanika kwa uzee, si kwa kunibana. Mwanzoni mama alifurahi kwamba simtii hasara. Baadaye akaacha kufurahi, akawa ananitazama tu ninavyoivaa.

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoingia. Miaka hiyo hiyo ndipo serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda ushirika, na mkulima alisubiri malipo mpaka akachoka. Ghafla yakaja magari ya wanunuzi kutoka Mwanza, na kila mnunuzi akawa anatafuta mtu wa kijijini wa kumsimamia mzani. Mmoja wao akamchagua baba. Kwa nini baba? Alikuwa mpole, na alijua kusoma. Lakini watu waliona sababu nyingine.

Misimu michache tu, baba akajenga nyumba ya bati, akafungua duka... sabuni, betri, khanga, soda, hata baiskeli mpya zikining'inia juu ya vichwa vya wateja. Kijiji kizima kilimwita Baba Kabula, kwa jina langu mimi. Jina likawa linatajwa kila saa, na kila likitajwa watu walikumbuka kunitazama. Duka linakua, Kabula hakui! Hivyo ndivyo walivyosema.

Kama wewe si wa huku, ngoja nikueleze. Kwetu kuna watu wanaoamini dawa ya utajiri iitwayo ndagu. Mtu akiichukua, wanasema, lazima atoe kitu cha damu yake. Mwingine mtoto wake anakuwa zezeta, mwingine mtoto wake anadumaa, na mali yote ya mzazi inatokana na kile alichonyimwa mtoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, kifua bapa kama ubao wa darasani. Wenzangu walishaanza kuposwa kwa ng'ombe, mimi bado nacheza na kulala na watoto wadogo. Mlitaka watu waseme nini?

Wanawake waliokuja kununua chumvi hawakuwa na haraka ya kuondoka. Walipokea chumvi huku macho yako kwangu. Mmoja aliwahi kumvuta mtoto wake ili nisimguse... Sijamsahau mpaka leo, na yeye anajua kwamba sijamsahau.

Aliyemwambia mama waziwazi ni dada yake mwenyewe, mama mkubwa Kwandu. Alikuja kutusalimia, akakaa siku kadhaa, akala akashiba, akapewa khanga mpya ya dukani. Kabla ya kuondoka akamvuta mama nyuma ya nyumba. Sikusikia yote. Nilichosikia ni kwamba mama ni mjinga, analala na mtu anayemla mtoto wake. Na khanga ya huyo mla watoto akaondoka nayo!

Mama akaenda kwa nfumu, mganga wa kienyeji. Mganga akamwambia asitafute adui mbali, aangalie ndani ya nyumba yake. Maneno ya namna hiyo humfaa kila anayekwenda kwa mganga, lakini mama yalimwingia. Alirudi akiwa mtu mwingine kabisa. Akaanza kunipikia kwenye sufuria ya peke yangu. Akahamia chumba chetu cha watoto, akawa analala mlangoni.

Baba alijaribu kujieleza. Alisema hata yeye alichelewa, kwamba alikuwa bado anachunga ng'ombe na watoto wadogo wakati wenzake wameshaoa, na kwamba ndevu zilimwota ukubwani. Nani amwamini? Wazazi wake walishakufa, Kasoli alihamia akiwa kijana mkubwa, na pale mbele yao alisimama mtu mrefu kuliko wote kijijini. Mama mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi. Baba akataka kunipeleka hospitali, mama akakataa katakata. Aliona ananipeleka kwenda kunimalizia.

Na mimi je? Mimi nilikuwa mtoto wa baba, hilo kila mtu alilijua. Nilikuwa nakaa naye dukani, ananifundisha kupima sukari, ananiita mama yake. Lakini maneno ya watu yalinifikia, nikaanza kumchunguza. Kwa nini kila jioni ananiletea maziwa kwa mkono wake mwenyewe? Kwa nini mimi, na si Milembe? Nikawa nayapokea kwa adabu, naenda nyuma ya ghala, nammiminia mbwa wetu aliyekuwa bado mdogo. Nilitaka nione kama mbwa naye atadumaa. Mbwa alinenepa, akawa dume kubwa la kutisha... Mnadhani niliridhika? Nilisema moyoni kwamba dawa ya watu haimshiki mbwa. Nikaendelea kumwaga.

Mwishowe jambo likafika kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Mkutano uliitishwa shuleni, watu wakajaa mpaka kwenye bustani. Wazee waliuliza, baba akajibu, wakauliza tena, akajibu yale yale. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wowote. Ndipo mama akasimama mbele ya watu wote.

“Mimi sina maneno mengi,” alisema. “Kama hana kitu ndani ya lile duka, alifunge. Achague duka au mtoto.”

 Baba alinitazama tu, na mimi nikatazama chini. Siku iliyofuata akaanza kuuza vitu kwa bei ya kutupa. Mzani akaurudisha kwa mwenyewe, na rafu akazipasua kuni. Alipomaliza kupigilia mbao mlangoni akaniita.

“Ng'wanone, mwanangu,” aliniambia, “nimefunga. Sasa kula chakula changu bila woga.”

Nilikula... Mama alisimama mlangoni ananiangalia kila nilipopeleka tonge mdomoni.

Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha, nikaanza kukua! Viatu vilinibana, magoti yakaniuma usiku na mchana, kifua kikajaa, na mambo ya kike yakaja yote kwa mpigo. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilifurahi, nani asingefurahi? Baba naye alifurahi, tena sana. Aliuza mbuzi akaninunulia kitambaa cha gauni, akamwambia fundi aache upindo mpana kwa sababu binti bado anaendelea. Maskini baba yangu! Hakujua anasherehekea kitu gani.

Kila nilivyozidi kurefuka, nilikuwa ushahidi dhidi yake. Mnaona? Duka limefungwa, mtoto kaachiwa! Kama hakuwa na hatia, mbona mtoto amekua? Hata wale wachache waliokuwa wakimtetea wakanyamaza. Kama angeendelea kuuza, labda watu wangebaki kunong'ona tu. Alifunga kwa ajili yangu, na kufunga kwake kukawa ndiko kukiri kwake.

Sungusungu wakaamua atengwe. Asisalimiwe, asiazimwe jembe, asipewe moto, asionekane msibani. Atakayemsemesha atatozwa faini. Nilikuwa namsikia alfajiri akimwambia jirani “Mwangaluka”, salamu yetu ya asubuhi, na jirani anawatazama ng'ombe wake kama hakusikia. Kesho yake baba anasalimia tena. Kimya... Mtu mzima unasalimia, unajibiwa na kuku!

Asubuhi moja alifunga mzigo wake kwenye baiskeli, arudi Shishiyu, upande wa Maswa, alikozaliwa. Alikuja mpaka kwenye dirisha la chumba chetu akaita jina langu kwa sauti ndogo. Nilikuwa macho. Nilijifunika shuka gubigubi nisimjibu, na miguu yangu ikabaki nje, kwa sababu nilikuwa nimeshakuwa mrefu. Bila shaka aliiona. Akaenda zake.

Miaka ikapita. Nilisomea ushonaji, nikaolewa kwa ng'ombe wengi, nikazaa. Mama alikufa akiamini kwamba aliniokoa, na mimi nilimzika nikimshukuru. Baba sikumtafuta. Nikisikia mtu ametoka Shishiyu nilibadilisha mazungumzo.

Kisha mwanangu Daudi akafika miaka kumi na nne, na sare yake ya darasa la nne bado inamtosha. Mimi ni fundi, nilikuwa naona kwa macho yangu! Mwaka huo huo mume wangu alikuwa amenunua mashine ya kusaga, na kazi zilikuwa zimemnyookea. Milembe akanipigia simu. Alisema nifumbue macho, mashine ya shemeji inasaga na Daudi haongezeki. Nilimkemea, nikakata simu. Lakini siku chache baadaye nilijikuta nimesimama jikoni nanusa kikombe cha uji ambacho mume wangu alimwachia mtoto... Mume ambaye hajawahi kuninyanyulia hata sauti! Nilijiogopa. Nikamchukua Daudi nikampeleka hospitali kubwa Mwanza.

Daktari alikuwa binti mdogo, nikamtilia mashaka hata yeye. Alimpima mtoto, akampiga picha ya mkono, akanionyesha. Alisema mifupa ya Daudi bado ni michanga kuliko umri wake, kwamba hana ugonjwa, mwili wake tu umechelewa kuanza, na atakua. Alisema hali hiyo mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Akauliza kwetu ni nani aliyechelewa. 

“Mimi,” nilimwambia. “Mimi, na baba yangu.”

Nililia pale pale kwenye kiti, Daudi akanishika bega akidhani ameambiwa atakufa.

Hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulikwenda Shishiyu. Nilimkuta baba mzee, mgongo umepinda, anaishi peke yake na mbuzi wake. Nilipiga magoti nikamweleza yote, picha ya mkono, mifupa, ukoo. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kipigo. Kisha nikageuka kumwita Daudi, aliyekuwa amesimama kwenye pikipiki iliyotuleta.

“Asije hapa,” baba alisema. “Abaki pale pale.”

“Baba, ni mjukuu wako.”

“Najua. Wakiniona nimemshika, watasema nimehamia kwake. Mlete akishakua.”

Nilimsihi, akakataa. Alimpungia mkono kwa mbali, mtoto akainama kumwamkia. Walitazamana hivyo kwa muda mrefu, na nafasi ile katikati yao mimi sikuweza kuifuta.

Baada ya hapo nilikuwa naenda peke yangu, na sukari na blanketi. Kila nikifika aliuliza jambo moja tu. Ameanza? Bado, baba... Hata miaka mitatu iliyopita suruali za Daudi zikaanza kumpanda juu ya vifundo. Nilipiga simu kwa jirani yake nikaomba apewe baba. Nilimwambia ameanza! Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu enzi za duka. Tukakubaliana nimpeleke baada ya mavuno ya pamba. Hakufika mavuno. Kifua kilimbana, akaenda.

Tulimzika huko huko Shishiyu. Watu walikuwa wachache. Daudi alibeba jeneza mbele, bega lake likikaribia kulifikia la wanaume. Milembe alikuja, na mama mkubwa Kwandu naye akaletwa, mzee sasa. Wakati tunatupia udongo nilimsikia akimwambia mwanamke aliye pembeni yake.

“Umeona?” alisema. “Mzee kaenda, mtoto kaachiwa.”

 Hata kaburini hawakumwacha! Ulipofika wakati wa familia kutoa neno, nilisimama mimi.

“Huyu ni baba yangu,” nilisema, “na hakunila. Nilichelewa kama yeye alivyochelewa, na mwanangu amechelewa kama sisi. Alifunga duka lake ili mimi nile kwa amani, na nyie mkamhukumu kwa hilo hilo.”

Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walimtazama Daudi, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Wasomaji wenzangu, nawaomba kwa machozi. Kama mtoto wako hakui sambamba na wenzake, mpeleke hospitali mapema, na ukifika useme ukweli wa ukoo wako. Usianze kuchungulia mfuko wa mumeo, wala duka la jirani. Na usimwambie mtu athibitishe kwamba hana hatia, maana ukishamshuku, lolote atakalofanya utaligeuza kuwa kosa. Nimeliona hilo nyumbani kwetu, likatuachia kaburi lenye watu wachache.

Daudi sasa ananipita kichwa kizima. Babu yake alimsubiri akue, na hakuwahi kumshika mkono.