Maji ya Kanchan

Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuchuja maji kwa kitambaa, kuyachemsha na kumpelekea dada yangu Kanchan. Sisi ni Wajaini, na dini yetu yakataza kudhuru kiumbe chochote, hata kidudu cha majini. Mwaka ule wa 1954 Kanchan alifunga siku nane, hali kitu, akinywa maji yaliyochemshwa tu.

Baba, muuza vitambaa pale Kiponda, mjini Unguja, alimwambia, "Ukizimaliza bila kuvunja, ntakuruhusu uende Bara Hindi ukawe mtawa."

Nilijua maana yake. Watawa wetu hutembea pekupeku mji hadi mji, huku wakifagia njia wasikanyage sisimizi. Huomba chakula, huwafundisha wanawake dini, na hawapandi gari wala meli hadi kufa. Kwenda Kanchan angeweza, maana hajala kiapo cha utawa. Kurudi Unguja ndiko kusikowezekana. Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu mama afe, yeye ndiye aliyenilea.

Siku ya saba nikamwendea Baba dukani. "Baba, Kanchan kanywa maji ya mfereji, hayakuchemshwa. Nimemwona."

Uwongo mtupu! Baba akamwita. "Umekunywa?"

"Sikunywa, Baba."

"Basi mdogo wako mwongo?"

Kanchan alinitazama, akajua. Hakutaka kunishitaki.

"Safari hakuna," Baba akasema.

Nikafurahi, mpumbavu mimi. Kesho yake Kanchan aliendelea kufunga vilevile. Nilipompelekea maji aliyapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Savita," akasema, akayanywa bila kuuliza kama yamechemka. Bado ananiamini! Nilijichukia. Nikakimbia dukani nikilia.

"Baba, nilikudanganya. Hakunywa."

Baba aliweka mkasi chini. "Unajua kwamba sasa ataondoka?"

"Najua."

"Nami niliuamini uwongo wako haraka," akasema polepole, "kwa sababu niliutaka."

Mwezi uliofuata tulimsindikiza Kanchan bandarini. Alinikumbatia mara moja tu, akapanda meli. Tulirudi kwa miguu, mimi na Baba, nami nilikuwa na hasira na dunia nzima.

"Nimesema kweli, Baba, na nimepata nini?"

"Hujapata kitu," Baba akajibu. "Ukweli haukuahidi malipo, mwanangu. Lakini ungenyamaza, tungekaa naye nyumbani miaka yote, na kila siku tungekuwa tunamwibia maisha yake. Lia, una haki ya kulia. Ila usijutie ulilosema."

Akanishika mkono, na hakuuachia hadi nyumbani.