Ngisi wa Nusu Saa

"Usitoke jikoni mpaka waondoke," Karani alinong'ona. "Bosi wangu akikuta mwanamke ndani na hatujafunga ndoa, ataniona mhuni."

"Sasa nani atapeleka chakula mezani?"

"Mimi. Nipe hiyo aproni."

Fundi cherehani alicheka, akamfunga mchumba wake aproni kiunoni. Miaka mitatu ya uchumba, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona amevaa kitu cha jikoni. Nguo ya harusi alikuwa anaishona mwenyewe, imebaki pindo tu. Kwa mwanaume huyu angepika hata mawe yakaiva.

Na saladi hii ya moto haitaki kungojeshwa. Majani mchanganyiko, letusi na spinachi changa, alishayaosha na kuyafuta kwa kitambaa mpaka yakakauka. Kamba wamemenywa, ngisi wamekatwa pete. Hao wanakaangwa wageni wakiwa wameshakaa, wanamwagwa juu ya majani wakiwa bado wanafuka, limau, chumvi, pilipili manga, basi. Ukitangulia kidogo tu, majani yananyauka kama yamefiwa. Ndiyo maana hakuweza kupika mapema akaenda zake. Ilibidi ajifiche.

Kengele ikalia. Zikaingia sauti mbili za kike.

"Karibu mama! Karibu mpenzi!" Karani akawapokea.

Mpenzi? Fundi akashtuka. Halafu akajiambia labda ndivyo wanavyoitana huko ofisini. Ndivyo tunavyojidanganya, mabinti zangu, tukishapenda.

Akatia kamba kikaangoni, kisha ngisi, akawamwaga juu ya majani kwenye sinia. Karani akaingia mbio, akalibeba. Kabla ya kutoka akachovya vidole kwenye maji, akajipaka kwenye paji la uso, ionekane ni jasho.

Kule mezani msichana akasema, "Mama, si nilikuambia? Kila Ijumaa ananiletea ofisini. Majani kwenye kopo, kamba na ngisi kwenye hotipoti. Anaamka alfajiri anapika mwenyewe!"

Fundi akashika ukingo wa sinki. Kopo lake. Hotipoti yake. Ijumaa zote hizo aliamka saa kumi na moja, na jioni mwanaume anarudisha vyombo vitupu anasema, "Leo nimekula mpaka nimejilamba vidole."

"Mkwe, umenipata," mama mtu alisema huku anatafuna. "Ngisi laini hivi! Unampikaje? Mimi wangu kila siku ananishinda."

"Aa... siri yake ni kumchemsha, mama. Kama nusu saa hivi. Moto mdogo."

Halafu mama akaangua kicheko.

"Nusu saa? Huyo si ngisi tena, baba, ni kandambili! Nani kapika hapa?"

"Mimi, mama, haki ya Mungu!"

Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Dakika mbili, mama," Fundi alisema. "Kikaango kiwe cha moto kweli kweli. Ukiona ameanza kujikunja, epua."

Karani akaruka kwenye kiti. "Huyu... huyu ni dada yangu. Amekuja kunisaidia."

"Dada yako?" Sauti ya Fundi ilikataa kupanda. "Kwa hiyo miaka mitatu nilikuwa naolewa na kaka yangu?"

Msichana akamtazama, mdomo wazi. "Dada, zile Ijumaa..."

"Nilikuwa napika mimi. Na vyombo ulivyolia chakula naosha mimi."

Mama mtu akaweka uma chini, akachukua mkoba wake. "Inuka, mwanangu. Mwanaume anayetongoza kwa jasho la mwanamke mwingine, yeye mwenyewe atakulisha nini? Twende zetu."

Msichana hakuinuka. Alikuwa anaangalia sahani, mkono mmoja tumboni.

"Inuka, nimesema!"

"Mama... nina miezi minne."

Karani akashusha pumzi, kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa anazama. Uongo wote Fundi angeweza kuumeza. Ile pumzi ndiyo iliyomchinja. Mama mtu akarudi kukaa, taratibu, bila kumtazama yeyote.

Fundi akatoka. Alikuwa barabarani, jua la mchana limemwakia utosini, meseji ya Karani ikaingia: "Nielewe, sikuwa na jinsi. Tafadhali usimwambie mtu." Hakujibu. Akampigia mama yake.

"Mama."

"Naam, mwanangu. Vipi, bosi amekipenda chakula?"

"Wamekula wote, mama."

"Na wewe?"

Fundi akajaribu kukumbuka. Tangu asubuhi alikuwa ameonja chumvi tu, kwenye ncha ya kijiko.

"Mimi bado," akasema, na hapo ndipo kilio kikamtoka.