Vyumba Vitatu Upande wa Jabali

"Shilingi elfu moja na mia nne, Laurenti. Si maganda ya karanga yale. Na wewe unataka nikazifukie kwenye mawe."

"Nataka ujenge, bwana, sikwambii ufukie. Punguza sauti, watu wanakunywa chai."

"Wanywe. Sijamwibia mtu."

Huo ulikuwa mwaka wa 1951, katika hoteli ya chai karibu na soko la Singida. Kefa, mtu wa Ulemo, alikuwa amerudi kutoka Kongwa, ambako aling'oa visiki miaka mitatu kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, na alipofika nyumbani akauza na ng'ombe saba. Laurenti, mwashi wa Mgori, alikuwa na shilingi mia nne na mikono yake miwili. Walikubaliana kujenga nyumba ya kupangisha, vyumba sita, nusu kwa nusu. Kilichobaki ni mahali tu, na hapo ndipo walipokuwa wakitoleana macho tangu asubuhi.

Mahali palikuwa patatu. Karibu na soko wapangaji hawakosekani, lakini kiwanja peke yake kingemeza nusu ya fedha kabla ya tofali la kwanza. Upande wa ziwa bei ilikuwa ndogo, ila chumvi ya pale inakula ukuta mpaka unamwagika kama unga. Pa tatu palikuwa nje kidogo, njia ya kwenda Shelui, chini ya jabali kubwa. Watu wa boma, ofisi ya wilaya, walikuwa wamepima viwanja huko, na ilisemwa kwamba kituo cha malori kitahamia upande ule. Kila mtu alisema hivyo. Nani aliyeanza kusema, hakuna aliyejua.

"Malori yakihamia, tutapangisha hata jiko," Laurenti alisema. "Na mawe ya msingi yapo palepale, bure. Sokoni utanunua kila jiwe."

"Mbona hakuna mwingine aliyekichukua?"

"Wengine hawana mwashi."

Jibu lilikuja upesi mno, na Kefa hakulipenda. Hata hivyo walikwenda, wakakipima kwa hatua. Kefa alihesabu arobaini kwenda, akageuka palepale, akahesabu thelathini na saba kurudi. Akarudia. Arobaini kwenda, thelathini na saba kurudi.

"Ukirudi unatembea kwa hasira," Laurenti alisema, akacheka.

Kefa akacheka naye kwa aibu, na jioni hiyo akatia sahihi kwenye karatasi ya boma.

Mvua zilipokaribia alirudi Ulemo kulima, akamwachia mwenzake kazi. Mwashi wa kule haanzi jabali kwa nyundo. Anapanga kuni juu ya mwamba, anaziwasha kutwa, jiwe likishashika moto barabara analimwagia maji ya baridi, nalo linapasuka lenyewe. Kefa aliporudi baada ya mavuno alikuta nyumba imesimama, bati linang'aa, na mawe ya msingi yamepasuka sawasawa kama mkate uliokatwa kwa kisu. Vyumba vitatu vilitazama barabara, vitatu vilitazama jabali.

"Vya barabarani vyangu, vya jabali vyako," Laurenti alisema kabla hajaulizwa. "Huko kwako hakuna vumbi."

Kodi ilikuwa shilingi kumi na mbili kwa chumba. Wapangaji walijaa, na kwa miezi mitano Kefa alipokea zake bila neno. Mwezi wa sita Yunisi, mama aliyekuwa akikaanga maandazi katika chumba cha katikati upande wa jabali, alimletea ufunguo akiwa ameufunga kwenye kitambaa, kama kitu kinachounguza.

"Chukua, kaka Kefa."

"Kuna nini? Bati linavuja?"

"Kuna mtu anamwaga maji."

"Wapi?"

Yunisi alitazama nyuma kwanza. "Ukutani. Saa saba mchana, watu wote wakiwa kimya. Si nje ya ukuta, wala si chumbani kwangu. Ukutani kwenyewe. Anamwaga, halafu anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Mimi sikungoja kujua."

Wiki hiyohiyo wapangaji wawili waliobaki upande ule walihama. Upande wa Laurenti hakuhama hata mmoja. Kefa hakuhitaji mganga wa kumfungulia hesabu hiyo. Mwashi ndiye aliyejenga ukuta, mwashi ndiye angeweza kuacha tundu ndani yake, na mwashi ndiye aliyechagua upande mzuri. Alimfuata.

"Unataka kuninunua kwa bei ya kutupa."

"Sitaki nusu yako," Laurenti alisema. Hakumtazama. "Ila uza, ndugu yangu. Uza upesi."

"Nimuuzie nani, wewe?"

"Yeyote. Si mimi."

Basi Kefa akahamia mwenyewe chumba cha katikati, yeye na mkewe Raheli, apate kumkamata mtu kwa mkono wake. Siku ya kwanza aligonga ukuta wote kwa mpini wa shoka, hakukuta tundu. Siku ya pili alimweka Raheli nje, yeye akabaki ndani. Kila mmoja aliisikia sauti upande aliokuwa mwenzake. Siku ya tatu walikaa pamoja kitandani wameshikana mikono, kama watoto.

Saa saba ilipofika jua lilikuwa juu ya bati na barabara haikuwa na mtu. Kwanza ikaja harufu, ya jiwe lililochomwa na majivu yaliyoloa. Kisha maji yakamwagwa taratibu ndani ya ukuta, yakachemka kwa mlio mrefu wa shaaa, na Raheli akaweka kiganja chake ukutani kabla mumewe hajamzuia, akakiondoa kikiwa chekundu, na wakati Kefa anakipulizia kile kiganja ule mlio ukakoma, ukabaki ukimya wa mtu anayesubiri kwa subira kazi yake ikamilike, ukimya uliozidi kurefuka mpaka wakasikia chini ya kitanda, chini ya sakafu, chini ya msingi, pumzi ikivutwa na kifua kipana kuliko nyumba nzima, na sauti isiyo na haraka ikahesabu kimoja, viwili, vitatu, kama mwenye mali anayepita akigusa milango ya vyumba vyake.

"Imehesabu vyetu tu," Raheli alinong'ona. "Umesikia? Imeishia vitatu."

Kefa alikwenda kwa Laurenti hajavaa viatu. Hakupiga kelele safari hii, na hilo ndilo lililomtisha Laurenti.

"Ulifanya nini pale?"

Laurenti alikaa juu ya ndoo ya chokaa. "Mwamba ulikataa. Siku tatu, Kefa. Nilichoma kuni za mikokoteni miwili, nikamwaga maji, haukutoa hata ufa. Mimi, mwashi. Vibarua wakaanza kunicheka."

"Kisha?"

"Baba yangu alikuwa mrina asali, msitu wa Mgori. Kabla ya kurina alikuwa anamwambia mwenye msitu, nipe, nusu yangu nusu yako. Anaacha nusu ya masega, anashuka salama. Nikayasema hayo kwa jabali. Lilipasuka kabla sijafunga mdomo."

"Nusu ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nusu ya nani, Laurenti?"

Laurenti alisugua chokaa kwenye vidole vyake muda mrefu. "Nilisema, ya mwenzangu."

Raheli ndiye aliyemleta Bi Stumai, mganga wa mjini aliyejua kisomo na mafusho, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi. Alifukiza ubani katika chumba cha katikati saa saba kamili, akasoma, kisha akanyamaza, akasikiliza ukuta huku akiitikia kwa kichwa. Alipotoka alimpita Kefa akasimama mbele ya Laurenti.

"Nimemwambia atoke. Ananiuliza atokeje kwake. Alipewa."

"Ni jini, Bi Stumai," Laurenti alisema kwa sauti ndogo. "Si huwa wanafukuzwa?"

"Anayevamia anafukuzwa. Huyu ulimkaribisha wewe, kwa mali isiyo yako. Neno ulilotoa lirudishe, utoe chako. Au mwache amalizie alichopewa, na wanaolala ndani wamo."

Laurenti alimtazama Raheli, aliyekuwa amefunga kiganja kwa kitambaa. Kisha akaingia, akaweka paji la uso ukutani, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Narudisha vyumba vya Kefa. Chukua vyangu." Ndani ya ukuta kitu kikasogea, kikaivuka nyumba kutoka jabali kwenda barabarani, na mabati yakalia moja baada ya jingine juu ya vichwa vyao. Kesho yake mwashi alirudi Mgori na patasi zake tu.

Saa saba zilizofuata zilikuwa saa saba za kawaida. Yunisi alirudi chumbani kwake, Kefa na Raheli wakahamia cha pembeni. Kefa alihisi ametua mzigo. Ya Laurenti yalikuwa ya Laurenti, na mtu hulipa alichoahidi. Jambo moja tu halikumkaa sawa: wapangaji wa upande wa barabara hawakuhama. Aliposikia hodi mchana mmoja, mwisho wa mwezi, alidhani wamekuja kumuuliza sasa walipe kwa nani.

Mlangoni alisimama mtu mrefu mwenye kanzu safi. Kefa hakuwahi kumwona. Alikuwa bado anatafuta la kumwambia wakati Philipo, dereva wa lori la Shelui, mpangaji wa upande wa barabara, alipopita na ndoo yake, akaiweka chini, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba mwenye nyumba."

"Marahaba," yule mtu aliitikia.

Philipo akamgeukia Kefa. "Habari za mchana, jirani." Akachukua ndoo, akaenda zake.

"Wananilipa vizuri," yule mtu alisema. Ilikuwa sauti isiyo na haraka. "Upande wa barabara sina neno. Nimekuja kwa huu wako. Ulikuwa wangu tangu mwamba ulipopasuka."

"Umerudishwa," Kefa alisema. "Mwenzangu alirudisha neno, watu wamesikia."

"Vyumba vimerudishwa. Kodi haikurudishwa. Miezi mitano ulipokea wewe, vyumba vikiwa vyangu. Vitatu, kumi na mbili kumi na mbili, mara tano. Shilingi mia moja na themanini."

"Sikujua."

Yule mtu akanyoosha kiganja.

"Nipe."