Programu Iliyokuwa Ikimmenya Mama

Utelezi ulianzia kwenye kipanya cha kompyuta. Dada mtu alikishika asubuhi, akaona kiganja chake kinang'aa kwa mafuta. Hayakuwa ya kupikia, wala ya cherehani aliyoshonea kila siku. Yalikuwa mafuta ya ngozi ya mtu asiyeoga. Akanusa, akajuta kunusa.

"Kaka, ulishika nini hapa?"

"Nilishika kazi," akajibu kaka mtu, karani wa stoo, asiyependa chochote kinachokula nafasi. "Video imefika. Siku nne naipakua, na imejaza diski yote. Tangu jana naibana iwe ndogo."

Video hiyo ndiyo iliyomnyima dada mtu raha. Aligombana na mama, akaapa hatatia tena mguu nyumbani, na moyo ulipolainika akakuta mama ameshazikwa. Mjomba aliyemuuguza mama alimrekodi saa tatu nzima, akawatumia linki, kisha akafuta kwake. Alisema kuwa mwishoni mama aliwatoa wote chumbani, akaiambia kamera maneno ya bintiye peke yake. Kama ni radhi au laana, hakuna aliyejua.

"Niache nitazame kwanza."

"Kompyuta hii inakwama, haiwezi faili kubwa hivyo. Nikiibana itacheza hata kwenye simu yako. Programu inatupa vile tu ambavyo jicho halivioni."

"Na mabaki yanakwenda wapi?" Katika kazi yake, kila kilichokatwa huanguka sakafuni na lazima mtu akifagie.

Kaka mtu akacheka. "Hayaendi popote. Hivi si vitambaa, dada."

Kumbe yalikuwa na pa kwenda. Kaka mtu alibana, akafuta ile kubwa, na linki yenyewe ilikuwa imekwisha muda. Ilipokwama tena akaibana ile iliyobanwa, akafuta. Mara ya tatu ikacheza. Mama alitokea kwenye kioo akiwa laini kama kipande cha sabuni kilichokwishatumika: chunjua la kidevuni halipo, mikunjo haipo, kikohozi chake hakisikiki. Dada mtu alisogeza hadi mwisho. Midomo ya mama ilicheza, na hakuna neno lililotoka.

Siku hiyohiyo feni ya kompyuta ikaanza kutema. Ilitema unga wa kijivu juu ya kibodi, na alipoufuta akatambua ni magamba ya ngozi. Zikafuata mvi ndefu, mizizi yake bado mibichi. Mchana mkasi ukamponyoka, akapeleka mkono chini ya meza kuutafuta bila kuangalia, na vidole vyake vikagusa kitu chenye joto, kilicholegea na kulowa mate, kina chunjua lenye vinyweleo viwili vigumu, na juu ya chunjua hilo fizi zisizo na meno zilikuwa zikitafuna polepole, nyamu, nyamu, zikasita, kikatoka kikohozi kilekile kilichopotea kwenye video, kikavuta kohozi zito kutoka chini kabisa, na kohozi likamezwa.

Alikwenda kunawa kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha.

"Kaka," akanong'ona. "Chini ya meza kuna kitu."

"Usipaze sauti. Nakijua tangu jana. Kilinilamba mguu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini?"

Wakamwita mganga, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. Alifika na chetezo, akachungulia uvunguni, akaziba pua kwa mkono.

"Jini hula makombo," akasema. "Wengi huliachia mifupa. Ninyi mmelilisha mtu, tena mmemmenya kabisa. Limekula ngozi, limekula kikohozi, limekula sauti. Futeni kilichobaki. Likiona sahani tupu litaondoka na kilichomo tumboni."

"Na maneno yangu?" akauliza dada mtu.

"Yamo humo tumboni. Ila hilo si mama yako, mwanangu. Ni mdudu aliyelamba sahani ya mama yako. Ukilisikiliza, limekwishakaribishwa, halitoki tena."

Kaka mtu alikuwa ameshika kipanya kwa kitambaa. "Nafuta, dada. Nyumba inanuka."

"Usifute."

"Dada."

"Wewe ulimuaga. Toka nje."

Wakatoka, mganga akitikisa kichwa. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini hawakusema kule chini kunanukaje. Dada mtu alipiga magoti, akaingiza kichwa gizani, na kile kitu kikajikokota kumfuata kwa mlio wa nyama mbichi ikiburutwa sakafuni, mvi zake zikamganda shavuni, pumzi ya maziwa yaliyoganda ikamjaa puani, fizi zikatua sikioni mwake, laini, za moto.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama, yenyewe kabisa. "Radhi zangu unazo."

Alilia kwa furaha. Kisha ulimi mnene ukamlamba sikio taratibu, ukaingia ndani, akatapika palepale. Fizi zikaacha sikio, zikashuka sakafuni, zikaanza kuyala matapishi.

Dada mtu alijipangusa mdomo, akasubiri limalize, akarudisha sikio pale lilipokuwa.

"Rudia, mama," akasema.