Vifaranga wa Rangi Tatu

Kila asubuhi Nyiramahirwe alifagia jiko, akashuka hadi ufuko wa Kituku kuteka maji ya ziwa, na kabla ya kwenda shule akachungulia kapu nyuma ya nyumba, mahali kuku wao alipoatamia. Mayai hayakuwa yao. Yalikuwa ya muzee Sebahire, mfugaji aliyenunua jogoo na kuku jike wa rangi ya majivu kwa Mzungu mmoja mwenye shamba huko Masisi, akawafungia ndani ya ua wa mawe wasikutane na kuku wengine.

Kwa watu wao, anayekuamini hukupa mnyama wake umtunze. Wazao wa kwanza humrudia mwenyewe, wanaofuata mnagawana. Asiyeaminika hapewi hata jogoo. Tangu baba yake Nyiramahirwe afariki, mama yake, Mukagasana, hakuwa amepewa kitu na mtu. Sasa muzee alikuwa amemletea mayai haya kuku wake ayaatamie, akasema waziwazi kwamba vifaranga wakitunzwa vizuri, ataleta ndama jike. Mama alikwisha kusafisha pembe ya ua ambapo ndama huyo angefungwa.

Asubuhi moja kapu lililia. Nyiramahirwe aliinua bawa la kuku, akachungulia. Vifaranga wengi walikuwa wa majivu, ndiyo. Lakini wengine walikuwa weusi ti, na wengine weupe wenye madoa.

Rafiki yake Furaha, binti wa jirani yao mama Kuluthumu, alitazama akacheka. "Kuku wenu ametotoa soko zima."

Nyiramahirwe hakucheka. Akilini alikwisha kumwona muzee akisema kwamba mayai yake yameliwa na mengine kuwekwa mahali pake. Ndama angepotea kabla hajafika. Basi akawatia weusi na weupe katika kikapu, akamsihi Furaha awafiche kwao, nyuma ya mifuko ya chumvi ya baba yake. Mama aliporudi kutoka shambani aliambiwa kwamba mwewe ameshuka na kubeba vifaranga kadhaa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa Sebahire akaja na fimbo yake. Aliwatazama vifaranga, akatazama maganda yaliyobaki kapuni, akawatazama vifaranga tena.

"Mutoto, maganda ni mengi. Wengine wako wapi?"

Nyiramahirwe alirudia habari ya mwewe. Kabla hajamaliza, mama Kuluthumu akaingia uani na kikapu mkononi. Alisema kwamba amesikia vilio nyuma ya chumvi, na kwamba baridi ya usiku imeua mmoja. Hakuja kumshtaki mtu, alikuja kuwarudisha kwa mama yao.

Mukagasana alimtazama binti yake, kisha akainamisha macho kwenye mawe meusi ya ua. Hilo lilimuuma Nyiramahirwe kuliko fimbo. Alisema yote, lakini ukweli ulikuwa umechelewa.

"Kwanza mwewe, sasa kikapu," muzee alisema. "Kesho utaniambia nini? Jogoo wa majivu na kuku wa majivu hawazai weusi. Mumekula mayai yangu." Akaanza kuwakusanya vifaranga wote.

Mama Kuluthumu akamwomba asubiri, akamtuma Furaha kwa mwalimu Onésime, aliyefundisha habari za mimea na wanyama na kukaa nyuma ya kanisa. Mwalimu alipofika alisikiliza kila mtu, kisha akaomba maharage meusi na meupe. Katika kila moja ya bakuli mbili aliweka harage moja jeusi na moja jeupe.

"Rangi ya kuku hutoka katika mbegu mbili, ya baba na ya mama," alisema. "Kuku wako, muzee, kila mmoja ana jozi isiyofanana, mbegu nyeusi na nyeupe. Zikiwa pamoja hutoa majivu. Mwenye jozi ya namna hiyo wataalamu humwita heterozigoti. Mwenye jozi inayofanana ni homozigoti. Sasa fumba macho, uchague harage moja katika kila bakuli. Huyo ndiye kifaranga."

Muzee akachagua, akarudisha, akachagua tena. Jeusi na jeupe. Jeusi na jeusi. Jeupe na jeusi. Jeupe na jeupe.

"Kumbe majivu huzaa zote tatu?"

"Huzaa zote. Ukitaka majivu matupu, mpandishe mweusi kwa mweupe."

Sebahire alikaa akizungusha harage kwenye vidole. Alikumbuka kwamba kwa yule Mzungu kuku weusi na weupe walitembea uani, naye akadhani ni wa aina nyingine. Akawarudisha vifaranga chini ya mama yao kwa mkono wake mwenyewe.

"Mayai yangu yalisema kweli," alimwambia Nyiramahirwe. "Wewe ndiwe uliyesema uongo. Ndama hatakuja leo. Watunze hawa weusi na weupe, maana sasa nawahitaji. Siku utakayowaleta kwangu wakiwa wakubwa, utarudi na ndama wako."

Alipoondoka, mama na binti walichimba shimo dogo kando ya ukuta na kumzika yule aliyekufa. Nyiramahirwe alilia kimyakimya. Mama akamfuta uso kwa kitenge chake.

"Rangi yao haikuwa kosa lako, mwanangu. Ungeniita asubuhi ile, tungeuliza pamoja, na huyu angekuwa hai. Usilolielewa, liulize. Usilifiche."