Bendera ya Masaa Mawili

Foleni ya vyoo vya plastiki ilikuwa imezunguka mpaka darajani, na kila mtu kwenye foleni alikuwa amevaa mfuko wa taka. Mweusi, wa kijani, mingine imetobolewa vibaya mpaka mikono inatokea kifuani. Mvua ya Februari haikuwa na kelele. Ilikuwa inaingia tu, kama mgeni asiyebisha hodi, na upepo wa mtoni unaisukuma mpaka ndani ya soksi. Mji mzima wa Cork ulinuka vaselini na chai.

Fintan alikuwa amebanwa na mkojo, na juu ya hilo amefungwa bendera. Ya manjano, kwenye fimbo, fimbo kwenye mkoba mgongoni, mkoba umekazwa mikanda kifuani mpaka anapumua kwa zamu. Imeandikwa 2:00. Maana yake, nifuate mimi, utamaliza nusu marathoni kwa masaa mawili. Con, mkubwa wa klabu, ndiye aliyemfunga.

"Usiende mbio, usiende polepole, na usisimame hata mama yako akianguka," alimwambia huku anakaza. "Hawa watu wamejifua gizani msimu mzima wa baridi. Leo wewe ndiye saa yao."

Mfuko wa taka uliokuwa mbele yake ukageuka.

"Samahani, kaka, wewe ndiye wa masaa ma..."

Alikuwa Dervla. Kofia nyekundu ya sufu, pua nyekundu kuliko kofia, vaselini inang'aa mashavuni.

"Ndiyo mimi," Fintan akasema.

"Hakuna mwingine?"

"Yupo wa saa moja na dakika hamsini. Na wa masaa mawili na robo."

"Mimi nataka masaa mawili."

"Basi ni mimi."

Dervla akaangalia juu, mvua ikamwingia machoni. "Watu elfu sita, Mungu wangu. Elfu sita."

"Umependeza lakini."

"Nimevaa mfuko wa taka, Fintan."

"Umekukaa."

Kicheko kilimfika mdomoni, akakimeza, akamgeuzia mgongo.

Walikuwa wamejuana kwenye gereji ya matairi, Fintan alikofanya kazi tangu alipoacha shule. Dervla aliingia na pancha, akatoka na namba ya simu. Ikawa kila jioni, "Umekula, kipenzi?" "Nimekula mkate na soseji." "Hicho si chakula, hiyo ni ajali." Jumapili wanakimbia pamoja kando ya mto, wanasukumana kwenye madimbwi kama watoto.

Halafu ikaja Novemba, mbio za Kerry. Waliahidiana kumaliza wameshikana mikono. Katikati ya njia Dervla akaishiwa, akasema, "Nenda, mpenzi, usinisubiri." Na wakimbiaji wana sheria yao. Mwenzako akikuambia nenda, unaenda, na lawama hakuna. Fintan akaenda. Akavunja rekodi yake, akaingia baa na wenzake, simu ikabaki kwenye begi. Dervla alikuwa kwenye hema la huduma ya kwanza, amezungushiwa shuka la karatasi linalometameta, meno yanagongana, anapiga simu isiyopokelewa. Tangu siku hiyo naye hakupokea ya Fintan.

Mbio zikaanza. Mifuko ya taka ikavuliwa na kutupwa kando, watu wakabaki na vikaptula kwenye ile baridi ya kukata masikio. Nyuma ya bendera walijipanga kama thelathini. Aliyekuwa karibu zaidi ni bibi mmoja, Noreen, nesi mstaafu, mdogo kama kuku lakini mdomo kama redio.

Fintan hakuweza kugeuza shingo, fimbo ilikuwa inamchoma kisogoni. Akaongea na mvua.

"Dervla, upo?"

"Nipo. Nitaenda wapi?"

"Nakupigia hupokei."

"Kimbia."

"Nilikosea, mpenzi."

"Alifanya nini?" Noreen akauliza.

"Aliniacha Kerry," Dervla akasema.

Kundi zima likaguna. Jamaa mmoja mnene wa nyuma akauliza, "Ulimwambia aende?"

"Nilimwambia."

"Basi ni halali."

"Nyamaza wewe," Noreen akasema. "Ndiyo maana mkeo hakuja kukupokea."

"Mke wangu anaogopa mvua."

"Mkeo anakuogopa wewe."

Wakacheka kwa mafungu, pumzi hazitoshi. Fintan akapata moyo. Akasema anampenda, akasema usiku hapati usingizi, akasema gereji imekuwa kama jela. Watu thelathini wanasikiliza na kuhema. Dervla angejibu nini? Anayeombwa msamaha ana masikio ya watu kila upande, na akitaka kuondoka anaziacha na ndoto zake za masaa mawili.

Kilima kikaanza. Mvua ikageuka barafu ndogo ndogo, zinapiga uso kama mchele. Maneno yakaisha, zikabaki pumzi na viatu vilivyolowa.

"Binti kabaki," Noreen akasema.

"Kabaki wapi?"

"Kwenye kona kule chini. Kashika mguu."

Mikono ya Fintan ikaenda yenyewe kwenye mkanda. Vidole vilikuwa vimekufa kama mishumaa. Akavuta, akavuta tena, kifungo hakikusogea. Na hata kingesogea? Nyuma yake alisikia viatu vyote vinapiga lami kwa mdundo wake yeye. Akipunguza, wanapunguza.

"Usituache, mwanangu," Noreen akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Nina miaka sitini na nne. Sina Februari nyingi zilizobaki."

Fintan akaacha mkanda. Akakimbia. Kila hatua ilimpeleka kusiko na Dervla, na kila hatua ilibidi iwe sawasawa na iliyopita.

Walimaliza ndani ya muda. Noreen akambusu shavuni, yule mnene akakaa chini barabarani akalia kama mtoto. Fintan hata medali hakuchukua. Akageuka, akaanza kurudi kinyume na watu, bendera mgongoni.

"We, masaa mawili, unaenda wapi?"

"Jamani, tumepotea njia?"

"Endeleeni mbele," akawajibu. "Mimi nina dharura."

Alimkuta anachechemea kando ya mto, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Umefuata nini?"

"Wewe."

"Hiyo bendera nimeikodolea macho mpaka ikapotea. Wala haikutikisika. Nikasema basi, huyo ndiye Fintan, mtu ninayemjua kwa mgongo tu."

"Nilikuwa nimefungwa, Dervla. Wale watu..."

"Wale watu sawa. Ungemwacha yule bibi ningekuchapa. Kerry ulifungwa na nani?"

Jibu alikuwa nalo tangu Novemba, "Si uliniambia niende?" Alifungua mdomo kulitoa, likamshinda.

"Uliponiambia nenda, nilifurahi," akasema. "Hiyo ndiyo kweli. Nilikuwa naomba moyoni uniambie. Niliitaka ile rekodi kuliko mkono wako. Sikusema kwa sababu ni aibu."

Dervla alimtazama sana. Maji yalimtiririka kidevuni, ya mvua au ya nini, nani ajue.

"Miezi mitatu unanitumia maua ya kwenye simu," akasema. "Ningekupokea siku ya kwanza kama ungesema hivyo."

"Na sasa?"

"Sasa mguu unauma, nimelowa mpaka mifupani, na masaa mawili yangu yameshapita." Akaupitisha mkono begani kwake, uzito wote. "Sijakusamehe. Nimeegemea tu."

"Egemea."

Wakaanza kutembea. Hatua chache tu, Dervla akaguna.

"Polepole."

"Hii si polepole?"

"Bado."

Fintan akafupisha hatua. Akazifupisha tena.